Shajara ya Mradi: Daraja la Brooklyn kwa Skeli ya 1:300

Tunajenga mfano wa Daraja la Brooklyn, lile linalovuka East River kutoka Manhattan hadi Brooklyn, New York. Ni kazi ya karakana: mimi na vijana wa ufundi. Si mfano wa kupamba kabati. Sharti letu ni kwamba ubebe mzigo kwa njia ileile ya daraja lenyewe: sakafu ining'inie kwenye kebo, kebo zipite juu ya minara, na ncha zake zishikwe na nanga mbili za nchi kavu. Pale ambapo daraja la kweli linashikwa kwa uzito au mvuto, la kwetu lisishikwe kwa gundi.

Naandika kila hatua inapokamilika ili anayetaka kuiga asirudie hasara zetu. Bei ni za maduka ya hapa, kwa shilingi, siku tuliyonunua. Palipokwenda sawa nitapita haraka.

Tumechagua Brooklyn na si Golden Gate kwa sababu makosa yake yameandikwa kwa kina, na kwa sababu vijana wetu wamezoea Daraja la Kigamboni, ambalo kebo zake zinatoka mnarani moja kwa moja hadi sakafuni. La Jinja kule Uganda ni hivyohivyo. Daraja la kuning'inia ni jingine kabisa: kebo kuu inatoka nanga hadi nanga, na sakafu inabebwa na vining'inizi vinavyoshuka kutoka kwenye kebo hiyo. Kwa bara letu lipo la Matadi juu ya mto Congo, lililokamilika 1983, lenye mita 520 kati ya mnara na mnara. Brooklyn lina kebo kuu na pia nyaya za mshazari zinazotoka mnarani, kwa hiyo mfano mmoja unafundisha mambo mawili.

18 Januari 2025: Vipimo na meza

Uwazi wa kati wa Brooklyn, yaani nafasi kati ya mnara na mnara, ni mita 486. Kwetu ni sentimita 162. Kila uwazi wa pembeni ni mita 283 na kidogo, kwetu 94.5. Minara inasimama mita 84 juu ya maji, kwetu 28. Upana wa sakafu ni mita 26, kwetu 8.6. Kebo zinashuka mita 39 kutoka kileleni mwa mnara hadi katikati ya daraja, kwetu sentimita 13. Kipimo hiki cha mwisho nitakiita mshuko, na kitajirudia sana huko mbele.

Meza ni plaiwudi moja ya milimita 18 iliyopasuliwa katikati kwa urefu na kuunganishwa ncha kwa ncha (68,000), juu ya mbao nne za 2x4 za paini (40,000).

Kabla ya kukata chochote tulipiga hesabu moja. Chukua urefu wa uwazi wa kati, gawanya kwa mara nane ya mshuko: 162 kwa 104, jibu ni 1.56. Maana yake, kila kilo moja inayosambaa juu ya sakafu ya kati inazivuta nanga kwa mlalo kwa nguvu ya zaidi ya kilo moja na nusu. Kijana mmoja alibisha kwamba haiwezekani nanga ivutwe zaidi ya mzigo wenyewe. Tulimfungia kamba kwenye nguzo mbili, tukaikaza karibu inyooke, tukatundika ndoo ya maji katikati, tukamwambia ashike ncha moja badala ya nguzo. Hakubisha tena. Kamba ikikazwa zaidi, mshuko unapungua na mvuto unapanda. Kwa hiyo anayetamani daraja lenye kebo zilizonyooka kwa uzuri ajiandae kulipia nanga.

1 Februari: Kesoni, kwenye beseni

Misingi ya minara hatuijengi kwenye mfano, lakini nisingependa mtu aondoke akidhani minara ile iliota mtoni. Tulifanya jaribio dogo pembeni.

Kwanza historia yake. John Roebling, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyebuni daraja, hakuona hata jiwe moja likiwekwa. Juni 1869 alikuwa gatini akipima mahali pa mnara wa Brooklyn, feri ikaja ikamponda mguu. Alikatwa vidole, akakataa matibabu ya madaktari akitaka kujitibu kwa maji, akashikwa na pepopunda, akafa 22 Julai. Kazi ikamwangukia mwanawe Washington, mwenye miaka 32.

Washington alijenga misingi kwa kesoni: sanduku kubwa la mbao lisilo na sakafu, lililozamishwa likiwa limefunikwa kifudifudi. Lile la Brooklyn lilikuwa na urefu wa mita 51 na upana wa mita 31. Hewa inapampuliwa ndani hadi maji yasukumwe nje, watu wanaingia na kuchimba chini ya mto, huku mawe ya mnara yakijengwa juu ya paa lake na kulizamisha taratibu. Udongo ulitolewa kupitia shimo la maji: bomba pana lililo wazi juu, ambalo mguu wake umezama kwenye kidimbwi ndani ya kesoni. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaozuia hewa isitoroke.

Sisi tulifunika ndoo angavu ndani ya beseni, tukaipitishia mpira wa pampu ya baiskeli na bomba la pili la wazi kama shimo la maji (9,500 kwa vyote, pampu ya kuazima). Ilifanya kazi vizuri mpaka anayepampu alipoongeza bidii. Hewa iliufikia mguu wa bomba, na maji yote yaliyokuwa ndani yakaruka hadi kwenye bati la paa, ndoo ikadidimia na beseni likachafuka. Hivyo ndivyo ilivyotokea Brooklyn Jumapili moja alfajiri mwaka 1870: kidimbwi hakikuangaliwa, hewa ikatoroka, maji na matope na mawe yakafumuka juu angani. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, hakuna aliyekuwa akichimba.

Baya zaidi lilikuja 2 Desemba 1870. Mshumaa ulisogezwa karibu na maungio ya paa, na moto ukaingia kwenye mbao. Hewa ya kesoni ilikuwa imeshindiliwa, hivyo moto uliisha kwa nje ukaendelea kula ndani ya paa lenye unene wa mita nne na nusu, bila moshi wa kuonekana. Washington alikesha chini akiuzima, wakadhani wameuzima, halafu walipotoboa juu zaidi wakakuta makaa mekundu. Ilibidi wajaze kesoni nzima maji. Baada ya hapo maseremala waliingia kukwangua mkaa mahali kwa mahali na kujaza saruji. Kesoni ya pili, ya upande wa New York, ililazwa mabati ya chuma ndani. Hiyo ndiyo aina ya marekebisho ninayoyapenda: hakuna hotuba, kuna bati.

Upande wa New York walishuka mita 24 bila kufika kwenye mwamba mgumu. Mvuke ulipampu hewa hadi zaidi ya mara tatu ya hewa tunayovuta. Anayetoka kwenye hali hiyo haraka, nitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu inatoa mapovu, na maumivu yake wazamiaji wanayajua. Wakati ule hakuna aliyejua sababu. Watu zaidi ya 100 waliugua, watatu wakafa Aprili na Mei 1872. Vibarua waliokuwa wakilipwa dola 2 na robo kwa siku waligoma wakitaka 3. Tarehe 18 Mei Washington akasema basi: mchanga ule ulikuwa umeshikana vya kutosha, na kila mita ya ziada ingehesabiwa kwa maiti. Mnara wa New York umesimama juu ya mchanga hadi leo. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika mradi ule, na ulikuwa uamuzi wa kuacha kuchimba. Yeye mwenyewe aliugua mwaka huohuo, na hakupona sawasawa tena.

22 Februari: Nanga, zimeshindwa

Tulimimina magogo mawili ya jipsamu (12,000), kila moja likiwa na ndoano nne upande wa juu, za kushika kebo nne. Yalipendeza. Tulipofunga kamba na kutundika kilo tatu katikati, ndoano mbili zikang'oka na kona ya gogo. Tukaongeza jipsamu kuzunguka ndoano. Zikang'oka na kona kubwa zaidi.

Kosa si jipsamu peke yake. Tulikuwa tunaishika kebo mahali inapoingia, juu na mbele ya gogo, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Tuliporudi kwenye michoro ya Brooklyn jibu lilikuwa wazi. Kule, chini kabisa ya kila nanga zimelala bamba nne za chuma, kila moja ikizidi tani 20. Kutoka kwenye bamba unapanda mnyororo wa vyuma bapa vyenye matundu, unapinda taratibu ndani ya mawe, unatokea juu na kupokea kebo. Kebo ikitaka kuondoka, lazima iinue bamba, na juu ya bamba kuna tani 60,000 za mawe.

8 Machi: Nanga, mara hii zimeshika

Zege badala ya jipsamu: saruji kilo kumi (5,000), mchanga na kokoto za bure. Mnyororo ni cheni kuukuu ya baiskeli (3,000), ambayo moja inatosha vipande vyote vinane. Bamba ni vipande vya chuma bapa (7,000).

Jambo moja la kuangalia. Gogo la kwanza la zege tulimimina cheni ikiwa imelegea ndani ya kasha. Zege likakauka, mzigo ukawekwa, cheni ikajinyoosha na kulipasua gogo kutoka ndani. Dawa yake: pigilia misumari kwenye ubao wa kasha kufuata mkunjo unaoutaka, pitisha cheni juu yake, ifunge uzito mdogo nje ili ikae imekazika wakati wa kumimina, na ipake grisi ili zege lisiingie kwenye pingili. Misumari chomoa zege likiwa bado bichi.

Kwa vipimo vya skeli kila nanga ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Haitoshi kuhimili mvuto kwa msuguano peke yake, inateleza mezani. Tumepigilia ubao wa kizuizi mbele ya kila nanga. Daraja la kweli halina kizuizi hicho, na sababu yake nitaieleza mwishoni.

29 Machi: Minara

Vipande vya mninga, safu kwa safu, gundi ya mbao kama saruji ya kujengea (20,000 jumla). Kila mnara una matao mawili yaliyochongoka juu. Kata matao kabla ya kuunganisha safu, si baada. Kule walitumia mawe ya chokaa na graniti. Mnara wa Brooklyn ulikamilika 1875, wa New York 1876. Hakuna la kuongeza.

12 Aprili: Kebo, tulichojaribu kwanza

Mishipi ya kuvulia (6,000). Ni rahisi kufunga, haina kutu, inaonekana imara. Tulitundika uzito jioni, asubuhi sakafu ya majaribio ilikuwa imelala juu ya meza. Nailoni inarefuka polepole chini ya mzigo, na ukiikaza leo kesho inarefuka tena. Achana nayo.

Halafu waya wa breki za baiskeli (16,000). Hapa tulifurahi mapema. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 na ndani una nyuzi 19. Kila kebo ya Brooklyn ina unene wa sentimita 40, ambayo kwa skeli yetu ni milimita 1.3, na ndani yake mna mashada 19, yaani mafungu ya nyaya! Tatizo ni urefu. Waya za breki za dukani hazifiki mita 2, nasi tunahitaji zaidi ya mita tatu na nusu bila kiungo. Tuliunganisha kwa vibano juu ya minara, na vibano vikateleza chini ya mzigo. Tulipokaza vibano zaidi, nyuzi zikakatika ndani ya kibano. Tena nyuzi za breki zimesokotwa, ilhali za Brooklyn zimelala sambamba, kila mmoja ukibeba sehemu yake bila kumsonga mwenzake.

10 Mei: Kebo, waya mmoja mmoja

Tulikubali kufanya alivyofanya Washington Roebling. Kebo zile hazikuletwa zikiwa tayari. Hakuna meli wala mashine ambayo ingeziinua. Zilifumwa hewani. Agosti 1876 kamba ya kwanza ya chuma ilivushwa mto, na fundi mkuu E. F. Farrington akavuka juu yake akiwa amekaa kwenye ubao mwembamba uliofungwa kamba, umati ukimshangilia kutoka juu ya mapaa. Baada ya hapo gurudumu lilikwenda na kurudi kati ya nanga na nanga likibeba waya, kazi iliyoisha Oktoba 1878. Lilikuwa daraja la kwanza la aina yake kutumia nyaya za feleji zilizopakwa zinki kuzuia kutu.

Waya wetu ni shaba ya kuzungushia mota, unene wa milimita 0.25. Nyaya 19 za unene huo zikikaa vizuri, moja katikati, sita kuizunguka na kumi na mbili nje, zinatoa kebo ya milimita 1.25. Kila waya wetu unasimama badala ya shada zima. Gurudumu ni kapi ya pazia inayoteleza juu ya uzi wa fundi. Waya unaokwenda na kurudi bila kukatwa hutoa idadi ya shufwa, kwa hiyo wa 19 tunaufunga peke yake.

Kebo ya kwanza ilikuwa aibu. Kwa mbali ilionekana sawa, lakini ukiigusa kwa kucha unasikia nyaya nne au tano zimekazika na zilizobaki zimelala tu. Mzigo wote ulikuwa juu ya hizo tano. "Mwalimu, hawa wengine wamekuja kutalii," kijana mmoja akasema. Tuliifumua.

Marekebisho ni waya wa kipimo. Fuma mmoja, upime mshuko wake kwa rula katikati hadi ufike sentimita 13 kamili, kisha usiuguse tena. Kila waya unaofuata uulegeze au uukaze mpaka ulale sambamba na ule wa kwanza, ukiugusa kwa shida. Waya wa kipimo usiwe na kazi nyingine. Na ufanye kazi hii asubuhi: mchana chini ya bati letu shaba inarefuka na mshuko unaongezeka kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo waya uliopimwa saa tatu haulingani na uliopimwa saa nane.

Tatizo la pili lilikuwa waya wenyewe. Robolo la kwanza (14,000) tuliuziwa kama jipya. Lilikuwa limefumuliwa kutoka kwenye mota zilizoungua na kuzungushwa upya vizuri kabisa. Tulilijua pale nyaya zilipoanza kukatika zikipinda pale zinapogeukia kwenye nanga. Sasa tunapima kila robolo: kata kipande, kunja na kunjua. Shaba nzima inavumilia. Iliyoungua inakatika mapema. Robolo la pili tulilipima dukani mbele ya mwenye duka (14,000).

Sikuweza kukasirika sana, kwa sababu Brooklyn waliuziwa hivyohivyo kwa kipimo kikubwa. Mkataba wa nyaya ulikwenda kwa J. Lloyd Haigh. Wakaguzi walipima nyaya kiwandani kwake na kuzipitisha. Njiani, kati ya kiwanda na daraja, mzigo mzuri ulibadilishwa na nyaya zilizokataliwa, na ule mzuri ukarudishwa kupimwa tena kama mpya. Jambo hilo liligunduliwa Julai 1878, nyaya mbovu zikiwa tayari ndani ya kebo, hazitoki. Mwezi mmoja kabla, shada lilikuwa limechomoka kwenye nanga ya New York na kuua watu wawili.

Washington hakufumua. Tangu mwanzo kebo zilikuwa zimekadiriwa ziwe na nguvu mara sita ya zinachohitaji. Alikokotoa upya, akaagiza kila kebo iongezwe nyaya kama 150 kwa gharama ya Haigh, kazi ikaendelea. Nyaya mbovu bado zimo mle. Wanaosimulia daraja hili hupenda kuanzia kwenye matao. Mimi naona ile mara sita ndiyo iliyolijenga. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo, maana 19 ndiyo idadi inayokaa pamoja bila pengo, na kuongeza waya wa 20 kunaharibu umbo. Tulifumua na kuanza upya.

Wakati huu wote Washington alikuwa nyumbani Brooklyn Heights, akitazama kwa darubini dirishani. Mkewe, Emily Warren Roebling, ndiye aliyekwenda na kurudi, akichukua maagizo, akijibu barua, akijifunza hesabu za kebo na uimara wa vifaa mpaka wakandarasi wengine wakadhani yeye ndiye mhandisi.

7 Juni: Matandiko

Kebo zilifungwa kwa nguvu juu ya minara kwa bati. Tulipoanza kuweka uzito sehemu ya kati, timazi ilionyesha vilele vya minara vimeinama kuelekeana kwa milimita nne. Mninga unavumilia. Mnara wa mawe hauvumilii. Ukivutwa upande, mawe ya upande wa pili yanaachana.

Brooklyn kebo zinakaa kwenye matandiko ya chuma, na matandiko yamewekwa juu ya rola. Kebo ikivutwa zaidi upande mmoja, tandiko linasogea kidogo hadi mvuto wa pande zote mbili ulingane, na mnara unabaki na kazi moja ya kubeba uzito kwenda chini. Tulikata vipande vya spoku za baiskeli, tukavilaza chini ya tandiko la bati lililopindwa (3,000). Timazi ikarudi wima. Hii ni nusu saa ya kazi, na ingetangulia.

28 Juni: Sakafu, vining'inizi na kenchi

Sakafu ni plaiwudi ya milimita 3 (22,000), vining'inizi ni waya mwembamba (7,000), kenchi za pembeni ni vijiti vya mishikaki (4,000). Kining'inizi kimoja kila sentimita 5.4. Daraja la kweli lina vingi zaidi, lakini vidole vyetu vina mipaka.

Urefu wa kila kining'inizi unapatikana hivi: pima umbali wake kutoka katikati ya daraja, gawanya kwa 81, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa mshuko. Ongeza urefu wa kile kifupi cha katikati. Tulikata vyote kwa mshuko wa 13, tukatundika, sakafu ikanyooka kama rula. Brooklyn haijanyooka. Sakafu yake inapanda kuelekea katikati, ambako wakati wa kufunguliwa ilikuwa mita 41 juu ya maji ili milingoti ya meli ipite. Kwa skeli yetu mwinuko huo ni sentimita 1.6, kwa hiyo namba ya kuzidisha ni 14.6. Vyote vikakatwa upya. Safari hii tuliacha kitanzi chini ambacho kinaweza kusokotwa ili kufupisha.

Kosa jingine: tulianza kutundika kutoka mnara mmoja. Kebo ilipinda mahali penye uzito na kupanda palipo patupu, vipande vya sakafu vikaachana kama meno. Anzia kwenye minara yote miwili kwa pamoja, kwa kipande kimoja kimoja kila upande, na usiunganishe vipande mpaka vyote viwe vimetundikwa.

19 Julai: Upepo na mzigo

Feni ya mezani ilielekezwa ubavuni kabla kenchi hazijafungwa. Sakafu ilianza kutikisika, kisha ikajipinda kwa mawimbi, upande mmoja juu na mwingine chini. Tulipofunga kenchi ikatulia, ikabaki inatetemeka kidogo tu. Roebling mzee aliliogopa hili mapema, maana daraja la kuning'inia la Wheeling, hukohuko Marekani, lilikuwa limeangushwa na dhoruba 1854. Miaka 86 baadaye wahandisi wa Tacoma Narrows, Marekani ya magharibi, waliweka sakafu nyembamba yenye mihimili mifupi. Lilifunguliwa Julai 1940, likaanguka 7 Novemba kwa upepo wa kama kilomita 64 kwa saa.

Mzigo: chupa sita za maji za nusu lita, zikiwa zimesambazwa. Katikati ilishuka milimita tatu. Halafu tukaweka tatu tu, zote upande wa Brooklyn.

"Mwalimu, upande wa pili unapanda!"

Ulipanda kweli. Kebo haina ugumu wake yenyewe. Inafuata mzigo, na ikizama huku inainuka kule. Kazi ya kenchi si kubeba, ni kuusambaza mzigo wa mahali pamoja ili kebo iuone kama umeenea.

Brooklyn lilifunguliwa 24 Mei 1883. Siku sita baadaye watu 12 walikufa kwenye ngazi kwa kukanyagana, daraja likiwa zima. Mwaka uliofuata P. T. Barnum, mwenye sarakasi, alipitisha tembo wake 21 juu yake, na watu wakaridhika kuliko walivyoridhishwa na hesabu.

Chupa zetu hazithibitishi kitu kama hicho. Ukipunguza kitu mara 300 kwa urefu, eneo la mkato wa kebo linapungua mara 90,000, lakini uzito wa sakafu unapungua mara 27,000,000. Mfano unabaki na nguvu mara 300 zaidi kwa uzito wake kuliko daraja lenyewe, kwa hiyo utabeba hata pale ambapo daraja la kweli lingeanguka. Ndiyo sababu pia nanga zetu zinahitaji kizuizi: chupa sita ni nzito mno kwa daraja la ukubwa huu, wakati uzito wa nanga umepungua kwa kufuata skeli. Mfano unaonyesha nguvu zinapita wapi. Hauonyeshi kama zinatosha.

Hadi leo tumetumia shilingi 250,500. Kati ya hizo, 48,000 ni za jipsamu, mishipi, breki na robolo bovu, karibu moja ya tano. Makadirio ya Roebling mzee yalikuwa kama dola milioni 7 bila gharama ya ardhi. Daraja lilimalizika kwa zaidi ya milioni 15.

Zimebaki nyaya za mshazari. Roebling mzee alidai kwamba hata kebo kuu zikiondolewa, nyaya hizo zingeshika sakafu ikae imelegea bila kuanguka, nasi tunataka kulegeza kebo moja tuone. Shaba itarefuka mno kwa kazi hiyo. Tunatafuta nyuzi nyembamba za gitaa, hata zilizochakaa. Mwenye nazo azilete karakanani.